Nukta Sitini na Moja

Kijiji cha Kisesheni kiliiva kwenye ramani siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kama jipu. Kwanza kilikuwa cha njano, kisha rangi ya chungwa, na Nakundwa aliporudi mezani na kikombe chake cha chai, kilikwisha kuwa chekundu. Chini yake mashine ilikuwa imeandika neno moja: SHINA.

Chai hakuinywa. Kisesheni ndiko alikozaliwa, na ndiko shangazi yake alikokuwa bado akiishi.

Chumba cha ramani kilikuwa na wasomaji kumi na wawili, kila mmoja na milima yake. Walipoona wekundu ule walisimama wakaja kumzunguka, wengine wakampa mkono. Miaka mitatu Idara ya Ngozi ilikuwa ikilitafuta shina la ukanda ule bila kulipata, na sasa limepatikana mezani kwa binti mwenye diploma aliyeajiriwa juzi. Nakundwa aliitikia pongezi kama mtu anayeitikia pole.

Mchimbo ulikuwa ni upele, lakini si upele ule wa zamani ulioondoka kwa dawa ya kupaka na kuanika mablanketi juani. Utitiri wake, mdudu mdogo kuliko chembe ya chumvi, ulikuwa umeizoea kila dawa iliyokuwa dukani. Jike lilichimba handaki chini ya ngozi, likataga na kuendelea kuchimba, na mtu akajikuna mpaka nyama. Vidonda vikaoza, sumu ikaingia kwenye damu. Hivyo ndivyo watu walivyokufa: si kwa mdudu, bali kwa kucha zao wenyewe.

Kwa hiyo kila aliyepita umri wa kutambaa alivalishwa kibandiko begani. Kila alfajiri kibandiko kiliionja ngozi, kikikuta utitiri kikasoma vinasaba vyake, kisha kikaipelekea mashine habari ile, na kutwa kucha kikaionyesha mwenye bega alipo. Kizazi cha utitiri hakinakili maandishi ya wazazi wake bila kukosea. Hukosea herufi moja hapa, mbili pale, na kosa likishaingia hurithiwa. Ukiyapanga makosa hayo unapata ukoo mzima: nani kamzaa nani, nani alihamia wapi na lini. Na kanuni ya mashine ilikuwa fupi kiasi cha kufundishika kwa mtoto. Penye matawi mengi kuliko popote, ndipo penye shina.

Shina hufukizwa. Moshi wa Idara uliua mdudu, yai, kuku, mgomba na udongo, na mahali ulipopita hapakuota kitu kwa miaka saba. Watu wa shina walipelekwa boma, huko kwenye nyika ya chumvi. Boma la kwanza lilipokea watu mia nne. Wasomaji wa ramani walikatazwa kuuliza wangapi walitoka, lakini nukta za watu wale walikuwa wakiziona kila siku, na nukta hazijui kuficha. Zilizimika moja moja, kama taa za kijiji watu wanapolala.

Bwana Senkoro, mkuu wa chumba, alikuja na hati ya kutiwa sahihi. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, na alijua Nakundwa ni wa wapi. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba angeweza kumpa msomaji mwingine asaini, na hakuna atakayemlaumu. Nakundwa akaomba saa moja.

Katika saa hiyo alifanya kazi ambayo mashine haikuwahi kuagizwa kuifanya: alisoma majina. Wagonjwa wa Kisesheni walikuwa sitini na mmoja kati ya watu mia tatu na arobaini, na kila mmoja aliandikwa kuwa mzaliwa wa hapo. Lakini utitiri wao haukuwa ndugu. Huyu alikuwa na tawi la bondeni, huyu la upande wa mashariki, huyu la mbali kabisa, mwendo wa siku mbili kwa lori. Shina la kweli huwa na mababu na wajukuu wakiishi pamoja. Hapa hapakuwa na mababu. Palikuwa na wageni watupu, kila mmoja na mdudu wake aliyetoka naye kwao.

Ndipo alipokumbuka swali la sita.

Miezi miwili nyuma yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda Kisesheni kuandikisha watu. Swali la sita la fomu lilisema: Kwenu ni wapi? Na kila aliyeulizwa alijibu, Hapa. Karani mwingine yeyote angeona kwamba mwanamke mwenye lafudhi ya bondeni hawezi kuwa mzaliwa wa kule juu, akauliza tena. Nakundwa hakuuliza. Huko Kisesheni, mgeni akishaogeshwa na kula ugali wa nyumba, ni wa nyumba ile. Hupewa ukoo wake, jembe lake, na mahali pa kuzikwa. Kumuuliza tena alitoka wapi ni kumvua nguo mbele ya watu. Alilelewa hivyo, na adabu yake ndiyo iliyoandika uongo ule mara sitini na moja.

Alimfuata Bwana Senkoro na kumweleza. Kisesheni si chemchemi, alisema, ni dimbwi. Matawi yote yameishia pale kwa sababu kila kijiji kiliwafukuza wagonjwa wake na Kisesheni ikawapokea. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nakuamini," alisema. "Lakini mashine haiamini, inahesabu. Leta pingamizi. Kila mgonjwa ataje kwao kwa kinywa chake, na sheria unaijua: aliyetaja kwao hurudishwa kwao, na kibandiko chake kisomwe huko. Siku saba za kabla ya moshi zimeshaanza."

*

Shangazi Niwaeli alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mapipa yake, akimsugua mzee mmoja mgongo kwa dodoki. Maji yalichemshwa na majani ya mwarobaini, na kando palikuwa na beseni la salfa iliyokorogwa kwa mafuta ya mnyonyo. Dawa ile haikuwaponya wengi, ila iliutuliza muwasho, na mtu asiyejikuna haozi upesi. Wengine waliishi miaka minne pale, mitano. Shangazi hakuvaa glavu. Alisema mtu aliyefukuzwa na mkewe hahitaji kuguswa na mpira.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mhesabu wadudu." Alimtazama juu hadi chini. "Umenenepa. Kumbe utitiri wa watu una mafuta."

Mzee wa kwenye pipa akacheka. Aliitwa Mbaruku, zamani dereva wa trekta, na ngozi ya mabega yake ilikuwa kama gome. Nakundwa alitaka kuzungumza na shangazi faragha, shangazi akamwambia kwamba nyumba yake haina faragha tangu mwaka wa mchimbo, aseme tu. Basi akasema. Alieleza ramani, wekundu, boma, swali la sita. Dodoki halikusimama hata mara moja.

"Kwa hiyo tutafukizwa kwa sababu tuliwapokea," shangazi alisema.

"Kwa sababu sikuuliza mara ya pili."

"Ungeuliza mara ya pili ningekuchapa na hili dodoki."

Ndipo Nakundwa akaeleza njia iliyobaki. Aliieleza vibaya, akirudia maneno kila alipofika kwenye neno "kurudishwa". Wagonjwa wakitaja kwao, matawi yatagawanyika, wekundu utafutika, kijiji kitabaki. Lakini watapakiwa kwenye malori na kupelekwa kule kule walikotolewa kwa mawe.

Shangazi alikung'uta maji mkononi, akajifuta kwa khanga iliyofungwa kiunoni. Akasema kwamba basi asiwaulize.

"Shangazi, kuna watoto arobaini na wawili wasio na hata kipele. Wakienda boma..."

"Unanihesabia tena."

"Nisipokuhesabia mimi, atahesabu nani?"

Mbaruku alikuwa bado ndani ya pipa, maji yakimfika kifuani, akiwatazama kwa zamu kama mtu anayetazama watu wakigombea mzigo ambao ni yeye mwenyewe. Kisha akasema, kwa upole sana, kwamba maji yamepoa, na kama hawajali angependa kutoka.

*

Walikutana siku ya pili yake katika ghala la tangawizi, lililokuwa tupu tangu wanunuzi walipoacha kununua chochote kilichoguswa na mkono wa mlimani. Harufu ya tangawizi ilikuwa bado kwenye mbao. Wagonjwa walikaa chini pamoja na wenyeji wao, nyumba kwa nyumba, mama mwenye nyumba na wale aliowapa ukoo wake, na mtu mgeni asingeweza kusema yupi ni wa damu na yupi wa pipa.

Nakundwa alisimama mbele na kusema yote. Hakuficha boma, hakuficha malori. Alisema kwamba kosa ni lake. Kulikuwa na wenyeji walioinamisha vichwa wakitazama miguu yao, na Nakundwa alijua wanangoja nini. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa watu wenye watoto. Na kulikuwa na wagonjwa waliowaona wakiinama.

Aliyesimama kwanza alikuwa Mkunde. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kabla mchimbo haujamwingia kwenye vidole, na mpaka sasa alisimama kama mwalimu, mikono nyuma, ili watu wasiione. Alisimulia kwa ufupi, kwa sauti ya mtu anayesoma mahudhurio. Mumewe ndiye aliyeutoa mkeka wake nje. Wanafunzi wake walimtungia wimbo wa kumfukuza, na aliposikia wameweka vina vizuri alijisikia fahari kidogo kabla ya kulia. Tangu siku hiyo hakuwahi kulitamka jina la kijiji kile. Alikuwa ameapa.

"Kwetu ni Kwemdimu," alisema. "Andika upesi, moyo usije ukanigeuka."

Nakundwa akaandika. Kalamu ya mashine ilitoa mlio mdogo, na kwenye kioo cha mkononi nukta moja ikaondoka Kisesheni ikaenda kutua bondeni.

Baada ya Mkunde walisimama wawili, kisha wanne. Mbaruku alisema watu wa kwao, Mbaleko, waliapa kumchimbia kaburi akirudi, na kwa kuwa wale si watu wa kutimiza ahadi, yeye hana wasiwasi. Watu wakacheka, kicheko cha kukwaruza, na baadhi yao walikuwa wakilia ndani ya kicheko hicho. Mama mmoja alimshika mkono kijana aliyempa ukoo wake, akamvuta akae, kijana akasimama tena. Alimvuta mara tatu. Mara ya tatu akamwachia.

Wa mwisho alikuwa ajuza aliyekaa Kisesheni miaka minane. Alisema kwa kweli hakumbuki. Alikuwa na homa alipoletwa, na alipopona homa jina la kwao lilikuwa limetoka nayo. Hakuwa anaficha, alitaka kusaidia na alikuwa akilia kwa kushindwa. Nakundwa aligusa nukta yake na kuusoma ukoo wa utitiri wake. Mdudu alikuwa anakumbuka. Alikuwa wa tawi la Kisangaje, ukingoni mwa ziwa, na makosa yake manane yalionyesha njia yote aliyopita mpaka milimani.

"Ni Kisangaje, bibi," alimwambia.

Yule ajuza akalirudia jina lile taratibu, kama mtu anayeonja chakula alichokula utotoni, kisha akasema hapana, halimwambii kitu.

Nakundwa akaliandika hivyo hivyo.

Mashine ilichukua dakika sita kulipanga upya lile zogo la matawi. Shina la kweli lilikuwa kambi ya vibarua wa bondeni, iliyobomolewa miaka tisa nyuma. Pale sasa palikuwa na nyasi. Waliomwanzisha mdudu huyu walikwisha kufa, au kutawanyika, na hapakuwa na kitu cha kufukiza. Saa nane mchana Kisesheni ikawa nyeupe. Hakuna aliyeshangilia.

*

Malori yalikuja matatu, na walinzi waliovaa plastiki toka utosini hadi nyayoni. Wagonjwa walipanda bila kusukumwa. Kila nyumba ilikuwa imewafungashia wa kwake: mihogo iliyochemshwa, chupa ya salfa, shuka. Mkunde alipanda akiwa ameshika dodoki jipya kama fimbo ya chaki.

Shangazi Niwaeli hakumuaga mtu. Alikuwa kwenye mapipa yake, akiyapindua moja baada ya jingine, na maji ya kijani yakitiririka kati ya migomba. Nakundwa alimfuata na kusimama kando. Alitaka kusema kwamba watoto wote wapo, kwamba nyumba zote zipo. Alisema.

Shangazi alitazama mapaa yaliyokuwa yakimetameta kuteremka kilimani, mapya na ya kutu.

"Kweli," alisema. "Umeyaokoa mabati."

Hakumkaribisha ndani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Nakundwa azaliwe.

*

Siku ya tisa baada ya malori, mashine iliita tena.

Nakundwa alikuwa akizifuata nukta zile kila asubuhi kabla ya kazi yoyote. Siku mbili za kwanza zilitawanyika vizuri, kila moja na barabara yake. Siku ya tatu zikaanza kusita. Ile ya Mkunde ilifika ukingoni mwa Kwemdimu, ikakaa hapo saa mbili, ikarudi nyuma. Ya Mbaruku haikufika hata ukingoni. Vijiji vilikuwa vimeweka miba barabarani, na madereva wa malori hawakulipwa ili kubishana na watu wenye mapanga. Walishusha mizigo yao walipoweza kugeuza gari. Sheria ilisema warudishwe. Haikusema wapokelewe.

Kisha nukta zikaanza kutembea. Zilitembea polepole, zikipumzika penye maji, na hazikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa pale barabara ya lami inapoachana na ya changarawe, kwenye uwanda usio na nyumba, ambapo malori yote matatu yalikuwa yameachana. Hapo walionana mara ya mwisho, na hapo wakarudi kuonana. Siku ya nne walikuwa kumi na tisa, siku ya sita hamsini. Watatu walizimikia njiani. Mmoja wa hao alikuwa yule ajuza wa Kisangaje.

Sasa kulikuwa na nukta hamsini na nane kando ya barabara, kila moja na tawi lake, na kwa kuwa hazikusomwa kwao pingamizi lilikuwa limefutika. Na penye matawi mengi kuliko popote, mashine ilijua jina la kupaita.

Bwana Senkoro alikuja na hati, akaiweka mezani. Hakuwa na haja ya kueleza. Mahali penye wakazi walioandikishwa, Idara ilitoa siku saba. Mahali pasipo na wakazi, ndege zisizo na rubani zilitumwa kesho yake alfajiri, kwa kuwa palihesabiwa kuwa pori, na pori halihamishwi. Juu ya hati palikuwa na nafasi ya jina la mahali. Ilikuwa wazi.

Nakundwa alipanua picha ya uwanda ule mpaka nukta zikaachana. Ziliwekwa katika mistari miwili, kama watu waliopanga foleni. Mwisho wa foleni kulikuwa na nukta ya hamsini na tisa. Ilikuwa ya kijivu, rangi ya mtu mzima asiye na mdudu. Ilikuwa ikitembea kidogo kidogo, ikisimama kwa kila moja.

Akapiga simu. Iliita sana kabla haijapokewa. Alisikia upepo, na maji yakimiminwa, na sauti ya Mkunde ikimwambia mtu ainue mkono.

"Shangazi."

Simu haikukatwa.

"Shangazi, hapo mlipo panaitwaje?"

"Hapana jina."

Akamweleza. Alisema mashine inataka jina la mahali na mkazi mmoja wa kuandikishwa, na bila hayo moshi utakuja kesho. Penye jina wanapewa siku saba. Hakuahidi kitu baada ya hizo saba, kwa sababu hapakuwa na kitu. Alisema kwamba jina lolote litatosha, la mti, la jiwe, la mtu.

Nakundwa alisikia dodoki likisugua mgongo wa mtu, na mtu huyo akiguna kwa nafuu.

"Andika lako," shangazi alisema.

Nakundwa alitaka kusema kwamba pakifukizwa, jina lile litabaki kwenye ramani mpaka mwisho wa ramani, na kila mtoto wa shule atakayeusoma mchimbo atalikuta hapo, jekundu. Akafahamu kwamba shangazi anajua. Akaliandika. Herufi nane, na mkazi mmoja: Niwaeli, mjane, umri hamsini na minane. Mashine ikalipokea, ikaliweka jina juu ya njia panda ile ya lami na changarawe, na kando yake siku zikaanza kuhesabiwa.

Alisema ni siku saba tu, na akaomba radhi kwa uchache wake.

"Kwa mtu anayewashwa," shangazi alisema, "siku saba si chache. Salfa imebaki nusu gunia kule nyumbani. Ukija, njoo nayo."